Singa Nyeupe kwenye Mto Sylan

Maiti ya Aisen ilikuwa bado imeng'ang'ania usukani walipoitoa majini. Lori lake lilizama pale mto Sylan unapoingia kwenye mto mkubwa, mahali ambapo mkondo hauiachi barafu inenepe hata baridi ikipasua miti.

"Kalewa huyu," alisema Sajini Nyukus. "Dereva gani wa hapa asiyeyajua makutano?"

"Daktari hakukuta hata harufu ya pombe, kwa hiyo funga mdomo," alijibu Inspekta Tuyaara. "Tazama alama."

Matawi ya msonobari yanayoonyesha njia ya malori juu ya mto ulioganda yalikuwa yamehamishwa kuelekea makutano. Ya zamani yalishikwa na theluji ngumu, chafu. Haya yaliyohamishwa yaligandishwa kwa maji safi, majuzi tu. Na kila tawi lilifungwa singa nyeupe za mkia wa farasi, sadaka kwa mto.

Kijiji kizima kilikuwa na farasi mweupe mmoja tu.

Mzee Uybaan, mwenye farasi huyo na mwekaji alama tangu ujana wake, alimwandalia inspekta chai ya maziwa. Tuyaara hakukigusa kikombe.

"Mzee, nani kaihamisha njia?"

"Upepo."

"Upepo unafunga mafundo?"

Uybaan aliinamisha kichwa. "Ni mimi, mwanangu."

"Ulikosana na Aisen?"

"Nikosane naye? Nimembeba mgongoni yule!" Alielekeza kidole mtoni. "Njia ya zamani inapita pale kwenye kona ya mto alikozama mke wangu Matryona. Hatukumpata, unajua. Kila lori likipita, naona wanamkanyaga. Nikaisogeza. Barafu niliipima, ikanibeba."

"Ilikubeba wewe. Lori je?"

"Nilidhani baridi ya mwaka huu imetosha. Nikafunga singa, nikauomba mto usimdhuru mtu."

Matryona ndiye aliyemfundisha Tuyaara kusoma. Inspekta alimvisha mzee glavu kwanza, ndipo akamtia pingu.

"Niache niyarudishe matawi mwenyewe."

"Haiwezekani, mzee."

Ng'ambo, lori la unga lilikuwa linasubiri. Tuyaara aliyang'oa matawi kwa mikono yake, singa zikiwa bado zimefungwa, akayapanda upya hadi kwenye kona, penye barafu nene. Hapo alisita. Akavua kofia.

"Mwalimu, nisamehe."

Kisha akalipungia lori mkono lipite.