Maji Yasiyomwagwa

Asubuhi kwetu huanza kwa foleni. Kwanza foleni ya choo, kisha ya bafu, kisha ya ngazi, maana ngazi za jengo letu ni nyembamba na kila mtu anateremka na ndoo, mkoba au mtoto. Ukifika chini ukidhani umemaliza, unakuta foleni ya mwisho, ya kikombe cha Bibi.

Bibi si bibi yangu wa damu. Ni mpangaji wa chumba cha chini, mjane, na ndiye aliyekuwa akiwashika watoto wadogo wa jengo zima wazazi wao wakiwa kazini. Mama anafanya kazi kiwanda cha viatu. Baba anaendesha lori la safari ndefu, na akirudi hulala kama gogo. Shangazi, dada yake Baba, tunaishi naye. Yeye ni dobi wa hospitali, kutwa anafua mashuka ya wagonjwa. Wote hurudi hoi bin taabani. Bila Bibi, mdogo wangu Kibonge angeshikwa na nani? Hakuna aliyekuwa na jibu, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kumuudhi Bibi.

Mlangoni pake palikuwa na pipa la plastiki lenye kifuniko cha mbao. Zamani, kabla sijazaliwa, mwombezi wa Bibi aliyaombea maji ya pipa lile, na mumewe Bibi akapona homa. Tangu siku hiyo pipa halikumwagwa wala kuoshwa. Maji yakipungua, Bibi aliongeza mengine ya bomba, na alisema yale ya zamani yanayabariki mapya. Kuyamwaga ni kuimwaga baraka yenyewe. Na kila anayetoka asubuhi shurti apige funda moja kabla ya kuvuka mlango.

Sasa nikuambie nilichokiona kwa macho yangu mwenyewe. Mama aliweka kikombe mdomoni, akabana midomo, akasema, "Ahsante, Bibi," na alipopita kona tu akajifuta kwa kiganja. Fundi cherehani wa ghorofa ya pili aliweka funda shavuni, akatembea nalo kwa heshima zote mpaka nje, kisha akalitema mtaroni. Sisi watoto hatukuwa na ujanja huo. Bibi alisimama akitutazama koo, na tulimeza.

"Leo yana utelezi," Mapengo aliniambia asubuhi moja tukielekea shule. Mapengo ni binti wa yule fundi cherehani, na jina lake utalielewa akicheka.

"Usiseme hivyo, utapata dhambi."

"Dhambi nimeshapata. Sasa nasubiri tumbo."

Mtu mmoja tu jengo zima alikikataa kikombe waziwazi, naye ni Shangazi. "Ahsante, Bibi, mimi siamini," alisema kila siku, na Bibi alimjibu, "Utaamini tu, mwanangu, nakuombea." Wakacheka wote wawili, akaenda zake. Shangazi hana dini. Anasema alitafuta sababu ya kuamini kwamba Mungu yupo, hakuiona, basi. Watu wa jengo walilizoea hilo kama wanavyozoea mlango unaokwama, ila walikuwa na masharti yao: asiseme kitu.

Aliwahi kusema. Alimwambia Mama kwamba pipa lile lioshwe. Mama alimkata maneno palepale.

"Wifi, wewe huna dini, yasiyokuhusu yaache. Imani ya mtu haiguswi."

Shangazi alirudi kwenye kupiga pasi. Nilimwona alivyochoka, na haikuwa kwa sababu ya mashuka.

Kibonge alikuwa kibonge kwelikweli, mapaja yenye mikunjo, mashavu ya kuvutwavutwa na kila mpita njia. Kisha akaanza kuharisha. Akapona, akaharisha tena. Mama alichemsha maji ya kunywa, akachemsha vikombe, akachemsha hata vijiko. Alikosa kwenda kazini mara kwa mara mpaka msimamizi wake akaanza kumtolea maneno makali. Mimi nilifua nepi kabla ya shule na baada ya shule, na darasani nilisinzia mpaka mwalimu akaniuliza kama nimekuja kulala. Jamani, tulichoka! Tulichoka mpaka tukaacha kugombana. Na kila asubuhi, baada ya kuchemsha vyote hivyo, Mama alimbeba Kibonge, akateremka naye, akamkabidhi kwa Bibi kando ya pipa.

Siku moja nilirudi shule nikamkuta Bibi amempakata Kibonge kizingitini, analia. Macho ya mtoto yalikuwa yamezama, shingo haikazi. Bibi alichovya kidole kikombeni, akamlowesha midomo kwa yale maji huku akiomba kwa sauti.

"Bibi, acha!" nilipiga kelele. Sijui nilipata wapi ujasiri. "Usimpe hayo!"

"Haya ndiyo yatakayomponya, mjukuu wangu."

Bahati nzuri Shangazi alikuwa ndiyo kwanza anaingia kutoka kazini. Alimtazama mtoto mara moja tu, akamchukua mikononi mwa Bibi bila neno, akatoka naye mbio. Nilimkimbilia Mama kiwandani. Tulipofika hospitali, Kibonge alikuwa ameshawekewa dripu, na Shangazi ameegemea ukuta, bado amevaa sare yake ya kazi.

Daktari alikuwa mwanamke mwenye uso wa mtu asiyelala vya kutosha. "Mtoto anakunywa maji gani?" aliuliza.

"Ya kuchemsha, daktari," alisema Mama. "Nachemsha mwenyewe."

"Yote?"

Mama alimung'unya maneno. Aliangalia sakafu, akaangalia dripu, akamwangalia kila mtu isipokuwa daktari. Shangazi naye alikuwa anamtazama Mama, anamngoja. Nilihesabu mwenyewe kimoyomoyo nani atasema, nikaona hakuna.

"Kuna ya pipa," nikasema.

Mama alinifinya. "Mtoto huyu!"

"Pipa gani?" daktari aliniuliza mimi, si Mama. Nikamweleza yote: maombi, kifuniko, kikombe, na kwamba hayamwagwi. Nilisema huku machozi yananitoka, maana Bibi nampenda, na nilijiona kama namchongea.

Daktari hakucheka wala hakukasirika. Alisema tu, "Mama, mimi natibu ugonjwa. Ukinificha kwa sababu ya heshima, sina dawa yake. Mtoto huyu akirudi kwenye maji hayo, mtarudi hapa, na safari hiyo huenda msiwahi." Kisha akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Mama alikaa kwenye benchi. "Nitamwambiaje Bibi? Ametulelea watoto. Na hiyo ni dini yake, wifi. Imani lazima iheshimiwe."

"Kwa nini lazima?" Shangazi aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu aliyekwisha nguvu. "Niambie tu, kwa nini? Fundi akikuambia paa halivuji, unatazama juu. Jirani akikusifia dawa, unauliza imemponya nani. Lakini mtu akishasema 'ndivyo ninavyoamini,' wote tunainamisha vichwa, hatuulizi, hatuangalii. Hata mtoto akiwa kwenye dripu."

Mama aliuvuta mkoba wake mapajani.

"Na mimi nina lawama," Shangazi aliendelea. "Niliambiwa sina dini, sina adabu, ninyamaze. Nikachoka kubishana, nikanyamaza. Sasa basi. Kesho namwambia, uje usije."

Mama alikuja, ingawa kwa shingo upande. Tulimkuta Bibi chumbani anakunja nepi za Kibonge, amezipanga vizuri juu ya kitanda.

"Shikamoo, Bibi," alisema Shangazi.

"Marahaba, mwanangu. Mtoto vipi?"

"Amepata ahueni. Daktari anasema ni maji machafu. Bibi, ni maji ya pipa."

Bibi aliacha kukunja. "Unaitukana imani yangu."

"Sikutukani. Nasema maji ni machafu."

"Yameombewa!"

"Yameombewa, na yanaumiza watoto. Twende tukaangalie ndani, mimi na wewe."

"Wewe huamini chochote, ndiyo maana unathubutu."

"Ni kweli siamini. Lakini hata ningekuwa mtu wa ibada kutwa kucha, maji yangekuwa yaleyale."

Bibi alimgeukia Mama. "Wewe unaamini. Mwambie mwenzako! Wewe unayanywa kila siku, yamekufanya nini?"

Nilisikia maji yakidondoka bombani uani, tone kwa tone. Mama alianza kulia.

"Bibi, mimi siyanywi."

"Huyanywi?"

"Nabana midomo."

Fundi cherehani alikuwa anateremka ngazi na mzigo wa nguo. Bibi alitoka mlangoni, akamsimamisha. "Na wewe? Wewe unakunywa?"

Fundi alijikuna kichwa, akatutazama mmoja mmoja akitafuta wa kumwokoa. "Natema, Bibi," alisema mwisho. "Nje pale. Samahani sana."

Bibi aliketi kwenye kizingiti. Nilitegemea atamgombeza Shangazi, atatufukuza, atasema hamshiki Kibonge tena. Alipoinua uso alikuwa anawatazama Mama na fundi.

"Mlijua," alisema. "Mliogopa kuyanywa nyinyi, mkaniacha niwanyweshe watoto. Kwa nini hamkuniambia?"

"Tulikuwa tunaheshimu dini yako, Bibi," Mama alisema.

"Heshima gani hiyo? Mmenifanya mwendawazimu wa kuitikiwa ndiyo, ndiyo. Asiyeamini ndiye peke yake aliyeniambia usoni kwamba hanywi!" Akapiga goti lake kwa kiganja. "Nimemnywesha yule mtoto kwa mkono wangu huu. Kwa mkono wangu!"

Fundi aliweka mzigo wake chini, akabaki kasimama hajui mikono aiweke wapi.

Bibi mwenyewe ndiye aliyeondoa kifuniko. Shangazi alimshika kiwiko, wakainama pamoja. Mimi na Mapengo, aliyekuwa ameteremka nyuma ya baba yake, tulichungulia pembeni. Kuta za pipa zilikuwa na utando wa kijani, viluwiluwi vya mbu vinajinyonganyonga juu ya maji, na chini kabisa kulikuwa na tope jeusi. Mapengo alishika tumbo, akakimbilia uani kutapika.

Bibi aliomba, macho kayafumba, na Shangazi akangoja kimya mpaka amalize. Kisha wakalishika pipa, huyu huku na huyu kule, wakalilaza mtaroni. Maji yalitoka yananuka, yakaenda. Shangazi alilisugua kwa brashi na dawa yake ya kufulia mashuka mpaka mikono ikamwuma, na fundi akawa anamletea ndoo bila kuambiwa.

Kibonge aliporudi nyumbani, Bibi hakunyoosha mikono kumpokea kama zamani. Alisimama mbali kidogo. "Mnaniachia bado?" aliuliza.

Shangazi alimchukua mtoto kwa Mama, akamweka mikononi mwa Bibi. "Tungekuwa hatukuthamini, Bibi, tungehama kimyakimya tukakuacha na pipa lako."

Mimi jambo lilikuwa bado linanisumbua, nikaona bora niulize. "Shangazi, kumbe dini za watu zisiheshimiwe?"

Alikaa kwenye ngazi kwanza. Miguu yake ilikuwa imevimba kwa kusimama. "Mtu mheshimu," alisema. "Msalimie, msaidie, usimcheke akiomba, usimzuie kuomba. Hiyo ni haki yake hata kabla hajafungua mdomo. Lakini anachokiamini ni neno kama maneno mengine. Kiulize. Kikiwa cha kweli, kitasimama chenyewe. Kikiwa kinaumiza watu, sema, na useme kwa adabu."

"Na unachosema wewe, kwamba hakuna Mungu?"

"Na hicho kiulize. Usikikubali eti kwa sababu mimi ni shangazi yako."

"Mimi nitamuuliza sana!" Bibi alidakia. "Nina maswali ya kumkosesha usingizi."

"Uliza, Bibi. Ila kesho. Leo nimechoka."

Bibi alicheka, kicheko kidogo, cha kwanza tangu siku ile ya dripu. Mama hakucheka. Alikuwa amesimama anamtazama Kibonge, akamshika mguu uliokuwa mwembamba bado, akatuita mimi na Mapengo tusogee.

"Sikuwa naheshimu," alisema. "Nilikuwa naogopa, na nyinyi ndio mliokunywa woga wangu. Sikilizeni. Mkituona sisi wakubwa tunasifia kitu mbele ya watu kisha tunakitema pembeni, msikimeze. Tuulizeni, tena kwa sauti."

"Hata kama utanifinya?" nikamuuliza.

Mama aliufuta uso kwa kiganja. "Hata kama nitakufinya," alisema.