Vali Iliyoacha Kufoka

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, Sajini wa kike alikuwa katika ofisi ya meneja wa kampuni ya maji, ghorofa ya pili, akitazama dirisha lililobaki meno matupu ya kioo. Juu ya zulia palikuwa na kifuko cha mchanga, ukubwa wa ngumi. Meneja alikuwa ameketi, plasta juu ya nyusi.

"Ni Mzee Koki," alisema. "Karakana yake iko hapo chini, hatua sitini. Ana mtambo wa upepo aliojitengenezea, wa kurushia kamba juu ya mapaa kwa vifuko kama hiki. Kanilenga."

Mzee Koki, fundi wa mabomba, alisimama mlangoni, kofia mkononi. Ndivyo walivyo wakubwa: mtambo ukifanya kazi wanapiga makofi, kioo kikivunjika wewe jambazi. Mfukoni alikuwa na barua ya meneja, aliyopewa dakika tano nyuma. Anayeshambulia mfanyakazi mwenzake huhama nyumba ya kampuni siku hiyohiyo; mwisho wake saa sita mchana. Katika nyumba ile mkewe aliugua miezi saba, na humo ndimo alimokata roho. Aondoke na kitanda cha marehemu aende wapi?

"Ilikuwa saa ngapi?" Sajini aliuliza.

"Saa mbili kasoro dakika ishirini. Nasoma faili, nikasikia mtambo unafoka, fssss, kama sufuria inayochemka. Mara kioo hicho!"

Sajini aliandika, kisha akamwita dereva, ambaye Jumatatu alitukanana na meneja kwa ajili ya likizo.

"Mimi, afande? Ningetaka kumpiga ningetumia mkono, angalau nipate raha yangu. Nilikuwa getini naosha gari. Muulize mlinzi."

Mlinzi alikubali. Akaitwa Mama Stoo, mwenye ufunguo wa chumba vinamowekwa vifuko.

"Nilikuwa nafungua kufuli, mwanangu. Nikasikia kioo, basi."

"Na mtambo?"

"Kioo tu. Masikio yangu hayajazeeka."

Sajini alimgeukia Koki. "Nawe, mzee?"

"Karakana. Peke yangu. Wenzangu walikuwa getini wakiitwa majina."

"Basi mambo yako mabaya, baba."

Koki alikuna kidevu. Kuna neno lililomkwama kooni tangu alipolisikia, kama mwiba wa samaki. "Afande, naomba arudie alichosikia."

"Nimeshasema!" meneja alifoka. "Ulitoa fssss, sekunde mbili hivi, ndipo kioo kikavunjika. Unataka niuimbe?"

"Hapana, mkubwa. Umeuimba vizuri. Twendeni karakana."

"Mimi nina kazi."

"Hii nayo ni kazi," Sajini alisema. "Tangulia."

Karakana ilinuka kutu na sabuni ya mche. Mtambo ulikuwa juu ya meza: mtungi wa upepo, bomba la plastiki, na katikati vali ya kumwagilia bustani. Koki aliigonga kwa kucha.

"Ndani mna kiwambo cha mpira. Upepo ulio juu yake ndio unaokikandamiza. Utoe ule wa juu, kiwambo kinaruka, wa mtungini unapita. Zamani ulitolewa na koili ya umeme, kwa kitundu kama cha sindano. Mpira unanyanyuka kwa uvivu, upepo unafoka, kifuko kinaangukia hapo mlangoni. Nikaing'oa koili. Nikatoboa tundu kubwa, nikafunga kifyatuo cha upepo cha gereji, kile cha kupulizia vumbi."

Alipaka bomba maji ya sabuni, kama siku zote, akasukumia kifuko kipya, akauelekeza mtambo ukuta wa nyuma.

PA!

Kunguru waliruka juu ya paa. Getini dereva alipiga kelele, "Nani kapasukiwa na tairi?" Mama Stoo alishika kifua. "Huo nao ningekosa kuusikia?"

Sajini aliokota kifuko kilichofyatuliwa. Kiliteleza mkononi kwa sabuni. Akatoa kile cha zuliani. Kikavu, na vumbi mgongoni.

"Labda alirudisha koili, kisha akaing'oa," meneja alisema, sauti ikiwa imeshuka.

Sajini aliinama. Kitundu cha zamani kilizibwa kwa skrubu ya shaba, ikapakwa rangi, na rangi ilikuwa imeshika vumbi na mafuta ya miezi.

"Mtambo ulifoka mbele yako siku moja tu," Koki alisema. "Siku ya maonyesho, mwaka jana, umekaa kiti cha mbele. Wiki iliyofuata nikabadilisha. Hapa hata paka anajua. Wewe hujui kwa sababu karakana hukanyagi. Hata msiba wangu hukuja."

"Kifuko umekipata wapi?" Sajini aliuliza.

Meneja alijikalia kwenye ndoo iliyopinduliwa. "Cha maonyesho. Kilikuwa kwenye rafu yangu, pambo. Kioo nilikivunja mwenyewe." Alipangusa jasho. "Shemeji yangu anahamia huku na watoto wanne. Nyumba zimejaa. Huyu mzee anaishi peke yake vyumba vitatu. Ningemhamisha kwa sababu gani?"

"Ungekuja kuniomba," Koki alisema. "Nilikuwa na vyumba viwili vya kumpa."

Koki alitoa ile barua, akaitandaza mezani, akamsogezea meneja kalamu ya seremala.

"Andika imefutwa. Uweke na sahihi."

Meneja aliandika, Sajini akimsimamia. Koki aliisoma kwa kidole, herufi moja moja, midomo ikicheza. Hakuwa na haraka. Ilikuwa saa nne kasorobo, na saa sita haikumdai tena kitu.