Mkazi Namba Mbili

Ofisini kwao Restuta hakuna anayekufa bila fomu. Mtu anaweza kuzikwa na kusomewa misa ya arobaini, lakini mpaka fomu isainiwe mara tatu, kwenye faili la kaya yake anasomeka "yupo". Kazi ya Restuta ilikuwa kuwatafuta marehemu hao kwenye skrini nyeusi ya kompyuta kwa grep, amri ya kutafuta, kisha kuwafuta kwa nyingine, sed.

Fomu moja ilikaa drooni mwake miezi minane. Ya Evod, mumewe, aliyezama katika mto Kilombero. Kila asubuhi alitafuta jina lake, na skrini ikajibu: Evod, mkazi namba mbili, yupo. Kwa siku nzima, hiyo ndiyo salamu aliyoingojea.

Jumatatu moja ya mvua jibu lilikuja na neno ambalo hakuliandika: yupo ndani.

Aliporudi nyumbani, mtaa wa Viwanja Sitini, alipokewa na harufu ya tope la mtoni, na sakafuni nyayo mbichi ziliingia chumbani wala hazikutoka, na mezani sahani ya pili, ambayo haikuwa imetoka kabatini tangu msiba, ilikuwa na miiba ya samaki iliyolambwa ikang'aa.

Bibi Agnella, mganga wa Lumemo, alipoitwa aligoma kuvuka kizingiti.

"Nani kasema huyu yupo?" alinong'ona.

"Mimi, bibi. Kwenye faili."

"Basi umelikaribisha jini kwa maandishi. Huyo si Evod. Kamfute."

"Nitabaki peke yangu."

"Bora. Likimaliza samaki litakutazama wewe."

Kesho yake fomu ilisainiwa. Hilary, mkuu wake, alimkaripia kwa kuichelewesha. Pole hakumpa. Restuta akafuta mstari, akatafuta tena. Skrini haikujibu kitu.

Nyumba ikakauka. Kwa jioni tisa alikula akisikiliza mngurumo wa friji.

Siku ya kumi, wenzake wakiwa wameenda kula, alikumbuka utaratibu wa ofisi: kabla ya kufuta, nakala ya faili huwekwa akiba. Akatafuta humo.

Evod, mkazi namba mbili, yupo. Anangoja kuitwa.

Amri moja ingeifuta nakala. Restuta aliandika nyingine, ya kuirudisha mahali pake, akabonyeza.

Jioni alipitia sokoni Kibaoni, akanunua samaki wawili.