Povu Jeupe Gotini

Kila jioni, vyombo vikishaoshwa, binti mkubwa wa fundi cherehani aliketi barazani kumtibu mdogo wake. Nyumbani walimwita Daktari kwa utani, naye aliupenda utani huo kupita kiasi.

Mdogo wake alikuwa ameanguka akicheza, akachunika goti. Mama alimsafisha mara moja kwa dawa ya povu ili kuondoa mchanga, kisha akamwagiza binti yake aendelee na maji safi na sabuni, basi. Lakini Daktari alikuwa ameona dawa ile ikichemka povu jeupe kidondani. Akaamini kuwa povu likizidi, vijidudu vinakwisha. Akawa anaimimina kwa siri, asubuhi na jioni. Mdogo wake alipolalamika, alimwambia dawa kali ndiyo inayoponya. Mtoto alimwamini dada yake. Aliuma kola ya shati, akanyoosha mguu.

Siku zilipita, goti likabaki bichi. Mbio za shule, ambazo mtoto alizingoja kwa hamu, alizitazama akiwa benchini. Ndipo mama akawapeleka wote wawili zahanati.

Muuguzi aliuliza kidonda kinatiwa nini. Mama akajibu kuwa ni maji na sabuni. Mdogo mtu alijua ukweli, lakini alimtazama dada yake, akanyamaza ili kumsitiri. Kimya hicho kilimchoma Daktari moyoni kuliko fimbo.

"Ni mimi, mama," alisema. "Namtia dawa ya povu. Kila siku."

Muuguzi hakufoka. Alieleza kwamba damu ina askari wake, chembe nyeupe. Zikigusana na vijidudu husisimka, zikachukua oksijeni na kuigeuza silaha kali, jamaa ya ile dawa ya chupani.

"Ila zenyewe hutoa kidogo tu, palepale penye adui," alisema. "Wewe, mwanangu, uliwamwagia wote: adui, askari, na nyama changa iliyokuwa inaota. Dawa ikizidi ni sumu. Kuuliza si ujinga; ubaya ni kufanya kwa siri jambo usilolijua."

Majuto ni mjukuu, na Daktari alirudi naye nyumbani. Jioni hiyo alileta beseni la maji barazani. Mdogo wake alinyoosha mguu, akauma kola.

"Leo ni maji tu," dada yake alimwambia.

Mtoto aliitikia kwa kichwa, lakini kola hakuiachia.