Tiara Iliyokatwa El Morro

"Nereida, simu yako inalia tangu saa ile. Si upokee?"

"Iache ilie, Baba. Namjua anayepiga."

Nereida akazidi kukwaruza barafu kana kwamba ndiyo iliyomkosea. Mteja aliagiza piragua, ile barafu ya kukwaruzwa inayomiminiwa sharubati, ya ukwaju, akamiminiwa sharubati ya stroberi, akaondoka nayo bila kuuliza. Nani angethubutu?

Baba yake, Don Eleuterio, macho yalikuwa juu. Kila Jumapili majani ya mbele ya ngome ya El Morro hujaa watu na tiara, na tiara yake ya njano ndiyo iliyoogopwa kuliko zote. Mkiani aliifunga nyembe. Miaka thelathini, hakuna tiara iliyopanda juu ya ile ikarudi salama kwa mwenyewe.

Ujumbe ukaingia.

"Nimerudi. Niko hapa hapa uwanjani. Usinijibu, tazama juu tu. Wilfredo."

Wilfredo! Mpenzi wake wa miaka mitatu, aliyekwenda ng'ambo, Orlando, kupaka nyumba rangi, halafu akanyamaza miezi minne mizima bila hata salamu hadi siku ile. Nereida alikuwa ameapa kwamba akirudi atamkomesha.

Lakini macho hayana adabu, yakatazama. Karibu na ukuta tiara kubwa nyeupe ilikuwa inapanda, imeandikwa kwa rangi nyekundu. Akasoma jina lake. Chini yake kulikuwa na mstari mwingine, ila tiara ilikuwa bado inayumba.

"Nani huyu asiye na haya?" Don Eleuterio akafoka, akivuta uzi wake.

"Baba, ngoja!"

"Ningoje nini? Anayetaka kukaa juu yangu akajenge ngome yake!"

Kwisha. Uzi ukakatika, tiara nyeupe ikapepesuka, ikavuka ukuta na kutumbukia makaburini kule chini, kando ya bahari.

"Don Eleuterio!" Wilfredo alikuja mbio, mkononi ameshika kijiti chenye uzi mtupu. "Wiki mbili naiandika ile! Wiki mbili!"

Donge la barafu likamgonga kifuani kabla hajamaliza.

"Hilo la mwezi wa kwanza," Nereida akasema, akichota jingine. "Bado matatu."

"Nere, nisikilize..."

La pili likatua shingoni.

"Ulinyamaza kwa nini? Kuna mwanamke?"

"Mwanamke gani? Muulize baba yako!"

Nereida akageuka. Mzee akajifanya anafungua fundo kwenye uzi usio na fundo.

"Baba?"

"Nilimpigia mara moja tu," akasema polepole. "Nikamwambia, kila ukimpigia binti yangu analia siku mbili. Rudi kabisa, au nyamaza kabisa."

"Na wewe ukatii?"

"Ningemkaidi, halafu nije kukuposa kwa nani?" Wilfredo akajibu, maji ya barafu yakimchuruzika tumboni.

Hasira yote ikahamia kwa mzee.

"Miezi minne unaniona nalia! Unaniletea kahawa kitandani, unaniambia nisahau, na kumbe unajua!"

Don Eleuterio akavua kofia.

"Nimekukosea, mwanangu. Wengi wanaokwenda kule hawarudi. Nilitaka uzoee mapema, nikakuumiza mara mbili."

Nereida akafuta machozi kwa aproni, akamgeukia Wilfredo.

"Na wewe umekuja kutembea au umerudi?"

"Nimerudi, Nere. Jumatatu naanza kazi ya rangi hapa hapa mjini."

"Tiara yako iliandikwa nini?"

"Kwa mdomo siwezi. Magoti yananitetemeka."

"Basi yapigishe chini, yatatulia."

Wilfredo akapiga magoti. Waliokuwa kwenye foleni ya piragua wakasogea kuona.

"Nereida, utakubali nikuoe?"

Nereida akamtazama kuanzia nywele hadi shati lililolowa. Alimpenda, na lile shati lilimpa kicheko.

"Uliniuliza hewani, nitakujibu hewani. Baba, shusha tiara yako."

Hakuna aliyewahi kumwamuru Don Eleuterio kushusha. Akashusha. Nereida akachukua kalamu nene ya kuandikia bei, akaandika neno moja kubwa kwenye njano ile: NDIYO.

Foleni nzima ikapiga vigelegele.

"Irushe, Baba."

"Subiri."

Mzee akakaa kwenye majani, akafungua nyembe za mkiani moja moja, akazifunga ndani ya leso. Kisha akairusha. Ndiyo ikapanda, ikapita kuta, ikapita mizinga, ngome iliyowazuia Waingereza ikashindwa kumzuia fundi rangi mmoja.

Mara tiara nyekundu ya mtu mwingine ikaja, ikapanda, ikakaa juu ya ile ya njano. Uwanja mzima ukamgeukia Don Eleuterio.

Akaitazama.

"Ipite," akasema. "Leo ipite."