Kistari, Nukta, Kistari

Jibu lilifika kabla hajamaliza kuita.

Daktari alikuwa amemwamuru mke wa fundi redio alale kitandani hadi atakapojifungua. Mimba mbili zilikwisha kumtoka, na hii ya tatu ilikuwa na miezi saba. Lakini mtu mwenye mikono miwili mizima hawezi kushinda anahesabu mbao za dari. Akamng'ang'ania mumewe amfundishe nukta na vistari vya Morse, ili akishajifungua akafanye mtihani wa leseni ya redio. Fundi akamwekea mtambo wake kando ya kitanda.

"Mkono wako unachechemea," alimtania. "Kila anayeanza ndivyo anavyogonga, utamjua tu. Ila usirushe kitu hewani mimi sipo."

Sharti hilo lilidumu siku tisa. Siku ya kumi, jua la utosi, fundi alitoka mara moja kununua waya wa risasi wa kulehemu. Mke akavaa spika za masikioni, akashika kibonyezo, akagonga wito ambao wanafunzi wote huanza nao: yeyote anayenisikia, anijibu. Yeyote! Hata mlango wa choo haufunguliwi bila kuuliza ni nani.

Katikati ya wito, mkono mwingine ukaingia, mzuri, wa taratibu. Wenye redio hujitaja kwanza, lakini huyu hakujitaja. Aligonga: Nakusikia. Wewe na uliyembeba. Kisha kistari, nukta, kistari, ishara ya kumpa mwenzio zamu ya kusema.

Nje, funguo zikalia mlangoni. Kwa kuogopa kugombezwa, mke akazima mtambo bila kuaga.

Jioni ile shuka zilinuka chuma kilichoungua, ingawa mtambo ulikuwa baridi. Kesho yake mtoto hakucheza tumboni asubuhi nzima. Saa sita akacheza: msukumo mrefu, teke fupi, msukumo mrefu. Kimya. Halafu tena.

"Baba," mke alimnong'oneza mumewe, "weka mkono hapa. Usiseme kitu."

Fundi aliweka, na rangi ikamtoka usoni. "Umemwita nani?"

Akamweleza yote huku akilia, na alipokuwa akieleza msukumo ule ulirudi, mrefu, mfupi, mrefu, ukanyamaza kwa muda uleule ambao mtu mwenye adabu humwachia mwenzake ajibu, ukarudi tena, na kila uliporudi ile harufu ya chuma ilizidi, mpaka wote wawili wakawa wanapumua kwa mdomo na hakuna aliyethubutu kuutoa mkono wake.

Fundi alimleta shangazi yake, aliyemfundisha kazi. Mama huyo alikaa miaka thelathini katika chumba cha telegramu, na spika zikayala masikio yake yote, hata radi haisikii. Alisoma maneno midomoni mwa watu. Aliweka kiganja tumboni, akasoma na hapo.

"Mkwe, umeita mgeni ukamtelekeza sebuleni," alisema. "Amekupa zamu. Anangoja."

"Shangazi, mfukuze wewe. Naogopa."

"Mimi sikumwita. Aliyeita ndiye anayeaga. Muage kwa adabu, halafu sikiliza mpaka naye akuage. Kuaga ni kwa watu wawili, umeelewa? Mimi masikio yangu yalistaafu kabla yangu, kwa hiyo tunategemea yako."

Mke akavaa spika. Aligonga sawasawa: nimemaliza, kwaheri. Upepo ukavuma masikioni. Kisha ule mkono mzuri ukaanza, safari hii haraka, kama mtu aliyechoka kungoja: Wale wawili wa mwanzo ninao. Wananiuliza mdogo wao lini—

Akazing'oa spika.

"Ameaga?" shangazi aliuliza, akiitazama midomo yake.

Alizifikiria zile mimba mbili zilizomtoka. Alitaka yaishe, basi.

"Ameaga."

Shangazi akagusa tumbo. Mtoto alikuwa akirusha mateke ovyo kama watoto wote. Mama yule akacheka kwa sauti, na fundi akaenda kuikunja antena.

Mtoto alizaliwa kwa wakati wake, wa kike, na sauti ya kuamsha mtaa. "Huyu hahitaji redio," baba yake alijigamba kwa kila mteja. Mke alimpenda mpaka akaogopa, na ule uongo akaufukia.

Mchana mmoja, jua la utosi, alikuwa akimnyonyesha. Harufu ya chuma ikaingia chumbani. Mtoto akaliachia titi, akatazama nyuma ya bega la mama yake, na kwa ngumi yake ndogo akamgonga kifuani: kwa kukandamiza, kwa kugusa, kwa kukandamiza.

"Hapana, mama," alimnong'oneza. "Hapana, mwanangu."

Mtoto alingoja zamu ijibiwe.

Ikajibiwa upande wa pili wa chumba, kwenye mbao za kitanda cha mtoto kilichokuwa kitupu. Waliogonga walikuwa wawili, na mikono yao ilichechemea, kama ya watu wanaoanza kujifunza.