Mizanimoyo ya Kombo

Chembe-fundi elfu arubaini zilipenya tundu la pua la Kombo, zikapanda hadi ubongoni, naye hata chafya hakupiga. Kila moja ilikuwa mashine ndogo isiyoonekana kwa macho. Kazi yake kupima pendo, kama tunavyopimwa sukari, kisha kulisawazisha. Mtambo mzima watu wa Tanga waliuita mizanimoyo.

Nyuma ya kioo alisimama Mwanamvua, mke mkubwa, roho inamwaka. Aliyeudai mtambo ni yeye. Miaka ishirini na miwili alikuwa mke wa pekee. Tangu Kombo aoe mke wa pili, Nasra, chakula hakimshuki. Lo, wivu ule! Zamu mume aligawa sawasawa, kanga alinunua doti kwa doti. Lakini moyo je? Kwa Nasra alisikika akicheka mpaka ukuta wa pili. Kwa Mwanamvua alikula, akapiga miayo, akalala fofofo.

"Kama kweli una haki, kapimwe," alimwambia.

"Kama ndiyo raha yako, mke wangu, nitakwenda," Kombo alijibu.

Hata pale hospitali Nasra alimshika Mwanamvua mkono. "Dada, tuache bado mapema. Mimi nimeridhika na ninachopata."

"Utaachaje kuridhika?" Mwanamvua aliuchomoa mkono wake. "Aliyeshiba hamjui mwenye njaa!"

Nasra akainamisha kichwa. Mwanamvua akajua amemweza, na moyoni akafurahi.

Baada ya saa moja Daktari Shelukindo alitoka. "Tayari. Sasa mko sawa, hata unywele haupiti katikati."

"Huyu umempunguzia kiasi gani?" Mwanamvua alimwonyesha Nasra kwa kidevu.

Daktari alitikisa kichwa. "Mama, hakuna mashine inayoumba pendo. Hii inachota palipozidi, inajaza palipopungua."

"Nafahamu. Alikuwa na ngapi?"

"Kumi na moja katika mia."

Mwanamvua alidhani hakusikia vizuri. "Na mimi?"

"Themanini na tisa."

Toba! Akakaa kwenye benchi.

"Kwangu alikuwa anacheka kama mgeni, dada," Nasra alisema polepole. "Hajawahi kusinzia mbele yangu hata siku moja."

"Zirudishe zangu themanini na tisa! Daktari, nakuomba, zirudishe!" Mwanamvua alilia.

"Chembe-fundi zikishashona hazifumuki, mama. Nilikueleza kabla hujatia sahihi."

Alielezwa, ni kweli. Siku ile masikio yalikuwa kwa daktari, macho yalikuwa kwa Nasra.

Mlango ukafunguka, Kombo akatoka mzima, anafunga vifungo vya shati. Aliwatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine, kwa upole uleule.

"Leo nalala kwa nani?" aliuliza.

Mwanamvua aliufunika uso kwa kanga. Ilibidi Nasra amjibu.

"Kwa dada."

"Haya," akasema Kombo, kama mtu aliyeelekezwa dirisha la kulipia maji.